Kilichoondoka pamoja na kusubiri

Tarehe 15 Januari 2022, volkano ya Hunga Tonga–Hunga Ha'apai ililipuka katika Bahari ya Pasifiki na kuikata kebo pekee iliyokuwa ikiiunganisha Tonga na nchi za nje. Kebo za aina hiyo, zikiwa kwenye kina kirefu cha bahari, hazizidi sana unene wa mpira wa kumwagilia bustani. Ilipokatika, nchi yenye watu wapatao laki moja ikawa haipatikani. Ndugu zao walioko New Zealand, Australia na Marekani walikaa siku kadhaa bila kujua nani yuko hai na nyumba ya nani imesombwa na maji. Mawasiliano machache yalirudi kwa setilaiti, lakini kebo yenyewe haikuunganishwa tena hadi tarehe 22 Februari, zaidi ya wiki tano baadaye.

Ninalitaja tukio hilo kwa sababu tukizungumzia intaneti huwa tunazungumzia programu zilizo kwenye simu, tukisahau kwamba chini yake kuna waya, kuna meli ya kuvuta waya huo, na kuna watu wanaokesha wakiuangalia. Mimi ni mmoja wa hao wanaokesha. Ni mhandisi wa mitandao. Kazi yangu ni kuhakikisha data inayotoka upande huu inafika upande ule. Ukiitazama intaneti kutoka huko chini, mabadiliko mengi tunayobishania kila siku, mazuri kwa mabaya, yanaonekana kuwa na chanzo kimoja. Intaneti iliondoa kusubiri. Iliondoa pia gharama ya umbali na gharama ya kunakili, ambazo ukizichunguza ni kusubiri kwa sura nyingine. Kusubiri kulikuwa kero, na simjui anayetaka kweli kurudi huko. Ila ndani ya kusubiri mlikuwa na ulinzi ambao hakuna aliyeupanga, na ulipoondoka hakuna aliyeuaga.

Tuanzie kwenye uamuzi uliozaa yote haya. Ujumbe wa kwanza wa ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, ulitumwa tarehe 29 Oktoba 1969 kutoka Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kwenda Taasisi ya Utafiti ya Stanford. Zilifika herufi mbili tu, kisha mfumo ukaanguka. Miaka ya 1970 Vint Cerf na Bob Kahn wakabuni itifaki, yaani kanuni za kompyuta kuwasiliana, ambazo baadaye ziliitwa TCP/IP, na tarehe 1 Januari 1983 ARPANET ikahamia huko. Wazo la msingi lilikuwa kwamba mtandao wenyewe usijue mambo mengi. Ujuzi ukae pembeni, kwenye kompyuta zinazotuma na kupokea. Ruta, kifaa kinachoielekeza data njiani, ikipokea pakiti, yaani kipande kidogo cha data, husoma anwani ya inakokwenda, huisukuma hatua inayofuata, kisha huisahau. Haiulizi ndani mna nini, kaandika nani, wala kama ni kweli.

Kutouliza huko ndiko kulikomwezesha Tim Berners-Lee, alipopendekeza wavuti, yaani kurasa zinazounganishwa kwa viungo, mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, asilazimike kuomba ruhusa kwa mwenye nyaya yeyote. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba yeyote anaweza kuitumia teknolojia hiyo bila kulipa. Barua pepe, simu za video, masomo ya bure, ramani, malipo: vyote vimepita kwenye mlango huo huo usio na bawabu. Na matapeli nao wamepita hapo hapo.

Katika mema ya intaneti kuna moja ambalo halitajwi sana, nalo ni kicheko. Zamani simu nyingi za bara hadi bara zilipitia setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Sauti ikipanda na kushuka ilitumia takriban robo sekunde, na jibu likatumia robo nyingine kurudi. Nusu sekunde inaonekana ndogo mpaka ujaribu kuongea ndani yake. Unasema jambo, unasikia kimya, unadhani mwenzako hakusikia, unarudia, na wakati huo huo jibu lake linaingia. Mnagongana, mnaombana radhi, mnagongana tena. Ndiyo maana simu za mbali zilikuwa za taarifa: mtoto amezaliwa, mzee amefariki, fedha zimefika. Ongeza na gharama ya kila dakika, na huwezi kushangaa kwamba hakuna aliyepiga simu ng'ambo ili atanie.

Kwenye nyuzi za kioo, mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Hata mtu aliye upande wa pili kabisa wa dunia, kilomita 20,000 hivi, sauti yake huweza kukufikia kwa kitu kama sehemu ya kumi ya sekunde, ukiongeza kidogo kwa sababu kebo hazinyooki na ruta nazo huchukua muda wake. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linapendekeza ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 ili watu waongee kwa raha. Tumeshuka chini ya mpaka huo kwa safari nyingi za dunia. Matokeo yake ni kwamba mtu akitania, mwenzake hucheka kwa wakati wake. Mzee aliyetenganishwa na wajukuu kwa bahari nzima anaweza kuwakatiza, wakamkatiza, wakagombana kidogo na kupatana. Simu inaweza kuachwa wazi saa nzima bila mtu kusema jambo la maana. Wengi watasema huo ni upuuzi. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote tulizofanya, kwa sababu undugu hukaa zaidi kwenye maongezi yasiyo na shughuli kuliko kwenye taarifa.

Viziwi wamepata zaidi. Tangu Alexander Graham Bell alipopewa hataza ya simu mwaka 1876, kwa zaidi ya miaka mia moja chombo kikuu cha mawasiliano duniani kilikuwa chombo ambacho wao hawawezi kukitumia kwa lugha yao. Walilazimika kuandika, au kumpitia mtu wa kati. Simu ya video iliwapa lugha ya alama kwa mbali, mikono, uso na mabega vikiwa pamoja. Hapo ubora wa mtandao si anasa: picha zikipungua kwa sekunde, vidole havisomeki na sentensi inapotea. Nikiwasikia watu wakisema video inakula data bure, huwakumbuka hao.

Na wapo wenye maradhi adimu, ambao kila mmoja yuko peke yake katika mji wake na daktari wake hajawahi kumwona mwingine kama yeye. Leo wanajuana, wanapeana majina ya vipimo, wanakwenda hospitali wakiwa na maswali. Kwenye makundi hayo hayo huingia pia wauza dawa za uongo, na wanaingia kwa urahisi ule ule.

Tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya DEC, alituma tangazo moja kwa watu wapatao 400 kwenye ARPANET. Wengi walikasirika. Mtandao wenyewe haukuona tofauti. Ulilibeba kama ulivyobeba barua za watafiti. Hapo kuna hesabu ambayo tunaishi nayo hadi leo. Tapeli wa barua za karatasi alilazimika kununua stempu, kwa hiyo alichagua watu wake. Ujumbe wa elfu moja au milioni moja mtandaoni humgharimu mtumaji karibu sawa, na akinaswa mtu mmoja tu kati ya laki, tayari ana faida. Gharama ya stempu, ambayo hakuna aliyeipenda, ilikuwa inatulinda sote.

Ngoja nieleze utapeli mmoja kwa undani, kwa sababu ukiuelewa huo umeelewa mingi. Mtu ana namba yako. Anafungua WhatsApp kwenye simu yake na kuandika namba hiyo kana kwamba ni yake. Mfumo unafanya unachopaswa kufanya: unatuma tarakimu sita kwa ujumbe mfupi kwenye simu yako. Sasa anachohitaji ni tarakimu hizo tu. Hakuandikii kama mgeni. Anakuandikia kwa akaunti ya dada yako, au ya mwenyekiti wa kikundi chenu, ambayo aliiteka asubuhi kwa njia hii hii: "Samahani, nimekosea nikatuma namba zangu kwenye simu yako. Nirushie tafadhali, haraka, zinaisha muda." Jina unalijua, picha unaijua. Unatuma. Kabla hujaiweka simu mezani umetolewa kwenye akaunti yako, na yeye tayari anamwandikia shangazi yako akiomba akopeshwe fedha hadi jioni.

Angalia hapo hakuna kilichovunjwa. Usimbaji wa ujumbe, yaani kuufunga ili wengine wasiusome, ulikuwa mzima mwanzo hadi mwisho. Seva, zile kompyuta za kampuni zinazopitisha ujumbe, hazikuingiliwa. Kilichoibwa ni ule muda mfupi ambao ungetumia kujiuliza, na ndiyo maana neno "haraka" halikosekani kwenye ujumbe wa namna hii. Kinga ni kuurudisha muda huo. Fungua mipangilio ya akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili na uweke namba ya siri. Akipata zile tarakimu sita bado atakwama kwenye namba asiyoijua. Na ukiombwa fedha au tarakimu zozote, mpigie mhusika kwa simu ya kawaida usikie sauti yake. Kwa kuwa siku hizi kompyuta zinaiga hata sauti, muulize jambo mnalolijua ninyi wawili. Anayekuandikia kwa nia njema hatachukia kusubiri.

Upande mwingine uliobadilika ni faragha, na huu hauonekani kwa macho. Huwa nachukua simu, naiunganisha kwenye mtandao ninaoweza kuurekodi, nazima skrini na kuiacha mezani bila kuigusa. Kinachofuata huwashangaza hata wanafunzi wa kompyuta. Simu haikai kimya. Inauliza anwani ya seva ya hali ya hewa, halafu ya seva ya mchezo ambao mwenyewe hajaufungua kwa muda mrefu, halafu kampuni ya matangazo, halafu kampuni nyingine ya kupima matumizi ambayo jina lake mwenye simu hajawahi kulisikia, kisha inarudia. Yaliyomo ndani yamesimbwa, siyaoni. Lakini majina ya seva mara nyingi huonekana, na hao wanaopigiwa hodi wanajua zaidi yangu: simu ya aina gani, iko hewani saa ngapi, imetumia mtandao upi, na kwa hiyo iko karibu na wapi. Mwenye simu amelala.

Nia ya mwanzo haikuwa mbaya. Wavuti ulibuniwa bila kumbukumbu; kila ukurasa ulioombwa ulikuwa kama wa kwanza. Mwaka 1994 Lou Montulli wa Netscape, kampuni iliyotengeneza kivinjari (programu ya kufungulia tovuti), alibuni vidakuzi, vile vipande vidogo vya data vinavyokaa kwenye kivinjari, ili tovuti imkumbuke mtu aliyekuwa hapo muda mfupi uliopita na bidhaa alizochagua zisipotee. Bila hivyo ingekuwa vigumu kuingia kwenye akaunti na kuhama ukurasa. Shida ilianza pale kampuni ileile ya matangazo ilipowekwa kwenye tovuti nyingi tofauti, ikawa inakitambua kivinjari kilekile kila kinapokwenda. Ufuatiliaji wa namna hiyo kabla ya intaneti ungehitaji mtu wa kukuandama barabarani na daftari. Ulikuwa ghali, basi ukafanyiwa wachache. Sasa ni rahisi, na kwa sababu ni rahisi tunafanyiwa wote. Futa programu usizozitumia. Ndiyo hatua moja inayopunguza kelele hizo kuliko nyingine ninazozijua.

Kuhusu muda wetu nitasema machache, maana wengine wameliandika vizuri zaidi. Mwaka 2006 Aza Raskin alibuni ukurasa usiokwisha, ule unaojiongeza kila unapoteremka. Kabla yake ulifika mwisho, ukabofya "ukurasa unaofuata", na hapo kwenye kubofya ulipata nafasi ya kuondoka. Yeye mwenyewe ameeleza hadharani kwamba anajutia matumizi yake. Mwisho wa ukurasa nao ulikuwa kusubiri kwa aina yake.

Uvumi ndio ninaoujali zaidi, kwa sababu una ushahidi wa pande zote mbili. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mwaka 2018 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral, walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa habari zipatazo 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017. Habari za uongo zilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa tena kuliko za kweli, na ukweli ulichukua takriban mara sita ya muda wa uongo kuwafikia watu 1,500. Walipoziondoa akaunti zinazoendeshwa na programu, tofauti ilibaki palepale. Waliokuwa wakiusukuma uongo ni watu wa kawaida, kwa vidole vyao, na waandishi hao walieleza kwamba uongo ulionekana mpya zaidi na wa kushangaza zaidi.

Ukisoma hapo unaweza kukata tamaa na kusema tatizo ni binadamu, basi. Mimi sikati tamaa, na sababu yangu ni hii. Januari 2019 WhatsApp ilipunguza idadi ya mazungumzo ambayo mtu anaweza kuyatumia ujumbe mmoja kwa mkupuo hadi matano, dunia nzima. Aprili 2020, wakati uvumi kuhusu korona ulipopamba moto, ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi ukawekewa kikomo cha mazungumzo mamoja kwa wakati. Hakuna kilichopigwa marufuku. Aliyetaka kuusambaza kwa watu ishirini aliweza, ila kwa kurudia mara ishirini. Kampuni ilitangaza kwamba ujumbe wa aina hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Kizuizi kidogo tu, sekunde chache za kubofya upya, na sehemu kubwa ya mafuriko ikakauka. Maana yake wengi waliokuwa wakisambaza hawakuwa wanauamini ujumbe kwa moyo; walikuwa wanapitisha tu kwa sababu kupitisha hakukuwagharimu kitu. Nakubali kwamba kikomo hicho kinachelewesha pia tahadhari za kweli, na kwenye dharura hilo ni jambo zito. Bado nadhani kilikuwa uamuzi sahihi.

Kuna jambo jingine linalonikosesha raha kuliko uvumi. Mtandao ulibuniwa uwe na njia nyingi, moja ikifa data ipite nyingine. Maisha yetu tumeyapanga kinyume chake. Tarehe 4 Oktoba 2021, wakati wa matengenezo ya kawaida, amri moja iliangusha mtandao wa ndani unaounganisha vituo vya data vya Facebook. Seva zake za majina, zile zinazoambia kompyuta nyingine anwani ya tovuti, zikajitoa kwenye ramani ya intaneti, na kwa takriban saa sita Facebook, Instagram na WhatsApp hazikupatikana popote. Intaneti yenyewe ilikuwa nzima. Lakini kwa watu wengi WhatsApp ndiyo simu, ndiyo duka, ndiyo ofisi ya kupokea oda, na siku ile walikaa na kifaa kizima kisichowafikisha kwa mtu yeyote.

Na hao ni walio ndani. ITU ilikadiria kwamba mwaka 2024 watu bilioni 5.5, yaani asilimia 68 ya watu wote, walikuwa wakitumia intaneti, na bilioni 2.6 walikuwa nje. Zamani asiye na intaneti alikosa tu ziada: habari za mapema, picha, bei nafuu. Alipokwenda dirishani alihudumiwa kama wengine. Kadiri wengi wanavyohamia mtandaoni, ofisi hupunguza madirisha, kisha huyafunga, na fomu ikabaki kwenye tovuti peke yake. Hapo asiye na simu, au mwenye simu asiyeona vizuri, au mwenye vidole visivyotii skrini, hajakosa ziada. Amekosa huduma aliyokuwa nayo jana. Kwenye takwimu za mradi ataonekana kama asilimia ndogo iliyobaki. Tena mara nyingi ndiye aliyeihitaji huduma ile kuliko wote: mstaafu, mjane, mgonjwa, mtu aliyepoteza vitambulisho.

Anaishia kumpa kijana wa jirani simu na namba zake za siri ili amjazie fomu. Mlango ambao wahandisi tuliufunga kwa usimbaji wa hali ya juu unafunguliwa kwa mkono, si kwa uzembe wake, bali kwa sababu hatukumwachia njia nyingine.

Ndiyo maana mradi wowote wa kuhamishia huduma mtandaoni ukifika mezani kwangu, huuliza asiye na simu atahudumiwaje, na huomba jibu liandikwe kwenye mchoro wa mfumo, si kwenye dibaji ya ripoti: dirisha lipi, mtumishi yupi, saa ngapi, na siku mtandao ukikatika litatumika daftari gani. Mara nyingi jibu huwa halijaandaliwa, na kikao hulazimika kuongezewa muda.